Sura ya Nne: Genge la Najaribu

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, makala ya "Mita ya Maji" ilikuwa imeshachafuliwa mara mbili, na Msoma Mita alikuwa hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai.

Mchafuzi wa kwanza aliandika juu kabisa, kabla ya neno la kwanza la utangulizi: "najaribu". Wa pili aliingia katikati ya aya ya kifuniko cha mita, aya iliyomchukua Msoma Mita siku tatu kuiandika, akapachika humo: "Leo ni Jumatano na mimi nimevaa blauzi ya kijani."

Alibonyeza Rejesha kwa nguvu hadi kijiko kikaruka kwenye sahani.

"Umegombana na nani tena humo ndani?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Simjui. Hilo ndilo linaloniudhi."

"Ungemjua usingeudhika?"

"Ningeudhika kwa mpangilio."

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, akifukuzwa na mbwa na kufokewa na wenye mbwa. Alipostaafu, binti yake alimwachia kompyuta kuukuu, naye akaangukia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na, kwa bahati mbaya, mtu yeyote anaweza kuiharibu. Humo hakuna mshahara wala bosi. Miaka sita baadaye alikuwa mmoja wa wakabidhi watano, yaani waliokabidhiwa funguo za kufuta, kurejesha, na kumfungia nje mtu mkorofi. Jina alilojiandikisha nalo lilikuwa Msoma Mita, na siku hizi hata majirani walimwita hivyo.

"Mita ya Maji" ilikuwa kazi yake mwenyewe, tangu herufi ya kwanza hadi picha ya mwisho. Aliichapisha wiki kumi na moja zilizopita. Kesho yake mashambulizi yakaanza, na tangu hapo akaunti arobaini na tatu zilikuwa zimeichezea, moja moja, kama zimepangiwa zamu. Zote zilikuwa za watu wapya kabisa. Thelathini na saba kati ya hizo zilitoka kwenye kompyuta za maktaba ya umma, zilizotumia anwani moja ya intaneti. Neno walilopenda kuliko yote kuliacha lilikuwa hilo hilo, najaribu, na kwa hiyo mkuu wa wakabidhi, aliyejiita Kufuli, alikuwa amewabatiza Genge la Najaribu.

Simu ilitikisika mezani. Ujumbe ulikuwa wa Kufuli.

"Imetosha. Leo saa kumi jioni nafunga anwani ya maktaba. Mwaka mzima."

Msoma Mita alisoma mara mbili. Katika maktaba ile kulikuwa na darasa la wastaafu na watu wazima, Jumatano na Ijumaa, la kuwafundisha kuandika kwenye kamusi elezo. Kompyuta nane zilitolewa kwa ajili ya darasa hilo. Darasa likifa, kompyuta zinahamishiwa ofisi ya vibali ghorofa ya juu, na waraka ulikuwa umeshaandikwa, unasubiri sahihi tu. Alichukua daftari lake na kofia.

"Chai je?" mkewe aliuliza.

"Imenikinaisha."

*

Mchana Kufuli alikuwa mfamasia. Alikuwa na koti jeupe, miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na foleni ya watu watano mbele ya kaunta.

"Moja asubuhi, moja jioni, baada ya kula," alimwambia mama mmoja, kisha bila kugeuka, "nimesema saa kumi, Msoma Mita. Sina la kuongeza."

"Nipe muda hadi jioni nikuletee mhusika."

"Nimekupa wiki kumi na moja. Baada ya kula, mama, si kabla. Halafu wewe unanionyesha nini? Jedwali!"

Kweli lilikuwa jedwali. Msoma Mita alilifungua juu ya kaunta. Lilikuwa kwenye daftari alilobaki nalo kutoka kazini, lenye safu za usomaji wa awali, usomaji wa sasa, na tofauti. Katika safu ya kwanza alikuwa ameandika saa ambayo kila mtu mpya alikaribishwa. Katika ya pili, saa aliyoshambulia.

"Tazama tofauti. Dakika nne. Sita. Tatu. Tano. Hakuna hata mmoja aliyeanza kabla ya kukaribishwa."

"Ndiyo tabia ya mwizi. Unamfungulia mlango, unamwambia keti, anaanza na vijiko."

"Wote arobaini na tatu?"

"Genge ni genge."

Wageni walikaribishwa na Karani. Karani hakuwa mtu bali programu ndogo iliyokesha mlangoni. Kila akaunti mpya ikifunguliwa, ilituma barua ileile ya makaribisho. Barua hiyo ilikuwa na kiungo cha Ukurasa wa Mazoezi, mahali ambapo mgeni angeweza kuandika upuuzi wote aliotaka bila kumsumbua mtu.

"Labda kweli walikuwa wanajaribu," Msoma Mita alisema.

Kufuli alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Anayejaribu anajaribia kwenye mazoezi. Kiungo amepewa, kimepigiwa mstari. Anakiruka, anatafuta makala yako kati ya makala elfu sabini, anaichafua hiyo hiyo. Unaita hiyo bahati mbaya?"

Hoja ilikuwa nzito. Msoma Mita mwenyewe alikuwa ameizunguka wiki kumi na moja bila kuona upenyo.

"Na hawa sita ambao hawakutoka maktaba? Mmoja yuko nchi ya mbali kabisa."

"Genge lina matawi." Kufuli aliteremsha sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu anawatuma, na mtu huyo anakujua. Huyo mkutubi anayeendesha darasa unamwamini?"

"Namwamini."

"Basi una adui. Fikiria. Nimeshaandika hadharani, wakabidhi wote wameona: kiongozi wa uharibifu akijulikana, nitamfungia yeye wiki moja na maktaba itabaki wazi. Asipojulikana, nafunga jengo. Niletee jina. Anayefuata!"

*

Adui alikuwa naye mmoja, na kwa bahati mbaya alikuwa shemeji yake.

Fundi Bomba, mdogo wa mkewe, alikuwa hajamsalimia tangu makala ilipotoka. Aya ya tisa ilieleza jinsi mafundi fulani wanavyoizunguka mita kwa bomba la pembeni. Haikutaja mtu. Lakini ilieleza kiungio cha shaba kilichopindwa kwa namna ambayo mjini pale aliijua mtu mmoja tu, na mji mzima ukacheka.

Alimkuta kwenye jengo la ghorofa tatu, miguu yake tu ikionekana chini ya sinki la jikoni la watu.

"Shemeji," Msoma Mita aliiambia miguu.

"Sina shemeji."

"Nina maswali mawili."

"Yaandike kwenye mtandao. Si ndiko unakosemea mambo ya watu?"

"Tarehe tatu mwezi wa sita, siku makala yangu ilipoanza kuchafuliwa, ulikuwa wapi?"

Spana ilianguka sakafuni. Fundi Bomba alitoka chini ya sinki taratibu, uso umejaa maji na hasira.

"Umekuja kunihoji mimi? Sikiliza. Mimi nikitaka kukukomesha, nakuja kwako mchana kweupe nakata bomba lako la bafuni, dada yangu anakufokea mpaka mwezi uishe. Nikaandike 'najaribu'? Mimi mtu wa kujaribu?"

"Nani kakwambia wanaandika 'najaribu'?"

"Mkeo! Kila siku unapiga meza unasema 'najaribu, najaribu'. Familia nzima inajua."

Msoma Mita alitazama vidole vya shemeji yake. Kimoja kilikuwa kimefungwa bandeji nene, vingine vilijaa gundi ya mabomba. Simu iliyotoka mfukoni mwake ilikuwa ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea. Alifuta jina lake kwenye daftari, na moyoni aliona haya kidogo.

"Basi samahani, shemeji."

"Samahani gani ya kusimama? Nishikie hiyo tochi." Fundi alirudi chini ya sinki, kisha akatoka tena. "Hata hili sinki nimelionea bure. Nyumba sita humu, zote maji yananuka. Nimefungua sinki moja, la pili, la tatu, yote mazima. Sita hayawezi kuoza siku moja. Ngoja nipande kwenye tangi, mtu kaacha kitu humo."

"Pole," Msoma Mita alisema, akili ikiwa kwenye saa. Ilikuwa saa sita na robo. Alimrudishia tochi akaondoka.

*

Mlangoni pa maktaba alipishana na mwanamke mwenye blauzi ya kijani.

Alisimama kabisa. Mwanamke alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Msoma Mita alifungua kinywa amwite, lakini alikuwa ameshashuka ngazi.

"Mwache," mkutubi alisema kutoka kwenye meza yake. "Umemtesa vya kutosha leo."

"Mimi?"

"Wewe au mwenzako, mimi nitajuaje? Fundi cherehani huyo. Amejifunza kushika kipanya wiki mbili. Leo saa mbili na nusu kafungua akaunti, kaandika sentensi yake ya kwanza, kafurahi. Saa tatu kioo kinamwambia: umezuiwa, sababu uharibifu. Mbele ya wenzake! Amelia nyuma ya rafu mpaka sasa hivi."

Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya rafu za atlasi. Kompyuta nane, viti nane, na watu wanne. Ukutani mkutubi alikuwa amebandika orodha ya darasa, majina kumi na mawili ya muhula huu, manane yamepigwa mstari.

"Kila nikileta mtu mnamfukuza," alisema. Hakupaza sauti, alikuwa mkutubi, lakini kila neno lilitua kama muhuri. "Mwezi wa tano nilikuwa na watu wamekaa mpaka dirishani. Mkubwa wangu amepanda juu sasa hivi na waraka wa kompyuta. Anasubiri hiyo saa kumi yenu."

"Unawafundisha waanzie wapi?"

"Siwafundishi waanzie popote! Nawaambia fungueni akaunti, someni barua ya makaribisho, fanyeni inavyosema. Hata nimeichapa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yao."

"Makala ya 'Mita ya Maji' umewahi kuwatajia?"

"Kwa nini niwatajie watu habari za mita?"

Swali lilimuuma kidogo, lakini alilipitisha. Alimwonyesha orodha yake ya waliozuiwa. Mkutubi alipitisha kidole, akakisimamisha kwenye tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita.

"Huyu ni mkunga mstaafu. Ndiye niliyemtegemea. Ana madaftari ya miaka arobaini, dawa za zamani, magonjwa, majina ya vitu ambavyo vijana hawavijui. Alitaka ayaandike kabla hajafa. Siku hiyo alikunja miwani, akaniaga kwa adabu, hajarudi. Nilimfuata mara mbili. Mimi simwezi, nenda wewe."

Msoma Mita alitazama alichokuwa amekiandika mkunga. Alikikumbuka vizuri, kilimkera kuliko vyote, kwa sababu alirudia mara tatu. Saa nne na dakika kumi na nne: "Hodi." Kikafutwa. Saa nne na kumi na saba: "Hodi jamani." Kikafutwa. Saa nne na ishirini: "Hodi mara ya tatu. Kama hakuna mtu nitaondoka." Hapo Kufuli akamfungia. Walikubaliana wote wawili kwamba ilikuwa dhihaka.

*

Nyumba ilikuwa mtaa wa pili nyuma ya maktaba, yenye mlango wa mbao na kizingiti kilichofagiliwa. Mkunga alikuja mlangoni, akasikiliza yeye ni nani, na hakusogea.

"Sema ukiwa hapo hapo."

"Nachunguza uharibifu wa..."

"Mharibifu ni mimi. Nimeandikiwa. Nimezalisha watoto zaidi ya elfu mbili, sijawahi kuharibu kitu mpaka nilipofika kwenu."

"Mama, naomba nijue jambo moja tu. Nani alikutuma kwenye makala ya mita?"

"Nyinyi."

"Sisi?"

Aliingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ile barua ya makaribisho, kwa herufi kubwa. Aliisoma kwa sauti, akiinyoosha mbali na macho.

"'Karibu sana, hapa ni kwako. Bonyeza hapa uanze kujaribu. Usishangae ukikuta maandishi ya watu wengine. Andika chochote popote, hutaharibu kitu. Wako, Kufuli.'" Aliishusha. "Nikabonyeza. Kikatokea chumba kimejaa habari za mabomba. Nikasema, haya, nimeambiwa nisishangae. Siwezi kuingia kwa watu naanza kusema, nikapiga hodi. Kimya, na hodi yangu ikafutwa. Nikapiga ya pili, ikafutwa. Ya tatu nikafungiwa mlango. Na aliyenifungia, soma mwenyewe jina, Kufuli. Ananikaribisha saa nne na dakika kumi, ananifukuza saa nne na ishirini. Mtu huyohuyo! Huyo mnampimaga afya?"

Msoma Mita aliinamia karatasi. Alikuwa akitazama maneno "bonyeza hapa", yaliyopigiwa mstari. Nyumba sita, maji yananuka, na masinki yote mazima. Kiungo kile alikuwa amekibonyeza mara moja tu katika maisha yake, miaka sita iliyopita, siku aliyojiunga. Kufuli hivyo hivyo. Hakuna mwenyeji anayebonyeza kiungo cha kumkaribisha mgeni. Anayekibonyeza ni mgeni tu.

"Mama, naazima hii karatasi."

"Chukua. Mimi ya nini tena?" alisema, akafunga mlango.

*

Saa tisa na dakika tano alikuwa kwenye kompyuta ya saba, mkutubi amesimama nyuma yake amekunja mikono.

"Shuhudia," alimwambia. "Nafungua akaunti mpya."

Jina la kwanza lililomjia lilikuwa Mgeni Mzee. Alichagua neno la siri, akathibitisha. Baada ya nusu dakika Karani alituma barua. Karibu sana, hapa ni kwako. Aliweka mshale juu ya mstari, akabonyeza.

Ilifunguka "Mita ya Maji".

Picha zake zilikuwepo, na aya ya kifuniko, na aya ya tisa ya shemeji. Juu, chini ya kichwa, kwa maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuna mgeni angeyatilia maanani, ilisomeka: umeelekezwa kutoka Ukurasa wa Mazoezi.

"Maana yake nini?" mkutubi aliuliza.

"Maana yake Ukurasa wa Mazoezi haupo. Kuna mtu aliuhamisha ukawa makala, na programu ikaacha kibao mahali pake kinachoelekeza kila anayeutafuta: pita huku. Kila mgeni tuliyemkaribisha tangu hapo tumempeleka kwenye makala kwa mkono wetu, tukamwambia andika chochote, halafu tukamwita mhuni."

"Wote hao?"

"Wote arobaini na tatu."

"Nani aliuhamisha?"

Rekodi ya uhamisho ilikuwa mibonyezo miwili tu kutoka hapo. Msoma Mita alibonyeza wa kwanza. Kwenye wa pili kidole kilisita, kwa sababu ghafla alikumbuka. Alikumbuka asubuhi ile ya tarehe mbili mwezi wa sita, makala imekamilika, imeandikwa aya kwa aya kwenye Ukurasa wa Mazoezi kwa kuwa ulikuwa karibu na ulikuwa tupu. Alitakiwa kunakili maandishi na kuyabandika mahali papya. Lakini palikuwa na kitufe kilichoandikwa Hamisha, na alikuwa na haraka ya kumwita mkewe aje aone.

Alibonyeza. Mstari ulikuwa mmoja.

"Saa tano na dakika mbili: Msoma Mita alihamisha Ukurasa wa Mazoezi kwenda Mita ya Maji."

Mkutubi aliusoma polepole, kisha akamsoma yeye.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

Wiki kumi na moja alikuwa amepiga meza, amemtilia shaka ndugu wa mkewe, amefuta hodi za watu. Fundi cherehani alishuka zile ngazi macho mekundu kwa sababu yeye alitaka kuonyesha makala yake dakika mbili mapema.

Alirudi kwenye akaunti yake ya ukabidhi na kufanya kwanza kilichopaswa kufanywa. Aling'oa kibao, akaufungua Ukurasa wa Mazoezi upya, mweupe, kisha akamwambia mkutubi aijaribu barua mwenyewe. Mkutubi alibonyeza, ukurasa mweupe ukaja. Ndipo alipokwenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa wakabidhi. Katika nafasi iliyoandikwa "Kiongozi wa uharibifu", alijaza jina lake na kuambatisha rekodi. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Alimpigia Kufuli.

"Jina limeshawekwa. Soma."

Kwa muda alisikia sauti ya vidonge vikihesabiwa, kisha vikakoma.

"Unatania."

"Bonyeza kiungo cha rekodi."

Kipanya kililia upande wa pili wa simu. "Wewe ni mpumbavu," Kufuli alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Wiki kumi na moja! Nimewafungia watu wazima! Nimemfungia mtu leo kwa blauzi!"

"Najua. Na 'andika chochote, hutaharibu kitu' nani aliandika?"

Kufuli alikohoa. "Nilikuwa bado mpole enzi hizo."

"Maktaba?"

"Inabaki wazi. Nawafungulia wote arobaini na tatu, mmoja mmoja, na nitawaandikia kwa mkono wangu. Karani apumzike." Alirudi kuhesabu vidonge. "Lakini nilisema hadharani, Msoma Mita. Kiongozi akijulikana, wiki moja. Nisipokufungia wataniita mpendeleaji."

"Nifungie. Nipe dakika moja tu."

Alikata simu. Mkutubi alikuwa ameshatoka mbio kuelekea ghorofa ya juu, akipiga ngazi mbili mbili, na watu wanne wa darasa waligeuza shingo kumtazama. Msoma Mita alifungua ukurasa wa mkunga. Chini ya tangazo la kufungiwa aliandika neno moja, "Karibu", akalitazama, akaongeza "mama", akabonyeza Hifadhi.

Kioo kikageuka chekundu. "Umezuiwa kuhariri. Aliyekuzuia: Kufuli. Sababu: uharibifu."

Kufuli hajawahi kuijua dakika moja katika maisha yake. Msoma Mita alisoma maandishi yale hadi mwisho, na ingawa aliyaomba mwenyewe, masikio yalimwaka moto, akageuka haraka kuona kama kuna aliyemwona. Alichukua kofia.

*

Ndani kwa mkunga redio ilikuwa ikizungumza. Msoma Mita alisimama kizingitini.

"Hodi."

Redio iliendelea.

"Hodi jamani."

Redio ilipunguzwa sauti. Kwa hiyo alikuwepo, na alikuwa amesikia. Hakuna hatua iliyosogea. Katika kazi yake ya zamani kanuni ilikuwa wazi: hodi tatu, usipojibiwa andika "hawapo" uende nyumba inayofuata. Alikuwa ameandika "hawapo" mara nyingi sana, na hakuwahi kujali.

"Hodi mara ya tatu," alisema. "Kama hakuna mtu nitaondoka."

Komeo lilivutwa. Mkunga alisimama mlangoni, miwani puani, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Umemkamata?"

"Nimemkamata."

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Niliharibu njia ya wageni mwenyewe, bila kujua. Wewe hukukosea kitu. Umefunguliwa, na darasa lipo Ijumaa saa mbili asubuhi."

Mkunga alilipima jambo hilo bila haraka. "Na wewe wamekufanya nini?"

"Wamenifungia. Wiki moja. Sababu, uharibifu."

"Umeandikiwa hivyo hivyo? Kwa wekundu?"

"Kwa wekundu."

Mabega ya mkunga yalianza kutikisika kabla sauti haijatoka, kisha akacheka hadi akashika mlango. Alipomaliza alijifuta macho kwa upande wa kanga, akasogea kando, nafasi ikapatikana.

"Vua viatu," alisema. "Karibu, mharibifu mwenzangu."